Mkwe Haulizwi

Marikiti siku ile ilikuwa haipitiki. Zilikuwa siku za mwisho za Shaabani, na Mombasa nzima ilikuwa imetoka kununua tende, tambi na nazi za futari. Mwanatumu alisimama ukingoni mwa barabara na vikapu viwili, buibui lake lenye darizi ya zambarau mikononi limeshika unga, jasho linamtiririka chini ya mtandio. Alikuwa ameita teksi kwa simu. Gari dogo jeupe likasimama mbele yake. Akafungua mlango wa nyuma, akatia vikapu, akaingia.

"Asalaam aleikum. Ndia Kuu, tafadhali. Na utie baridi kidogo, nimeungua."

Dereva alimtazama kwenye kioo. Alikuwa kijana mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, shati la drafti limepigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuposa.

"Waaleikum salaam. Baridi ya gari hili ilikufa zamani, dadangu. Lakini madirisha yote manne yafunguka."

"Gari gani sasa hili?"

"La mtu. Mimi naendesha tu. La kwangu likija, utaingia utetemeke."

Mwanatumu aligeuza uso dirishani ili asionekane anacheka. Walipofika Ndia Kuu, mbele ya duka la babake, simu yake ikalia.

"Dada, nimefika Marikiti, sikuoni," sauti ilisema.

"Wewe nani?"

"Dereva wako."

Mwanatumu akashusha simu polepole. Akamtazama yule kijana shingoni.

"Na wewe ni nani?"

"Faiz."

"Sikuulizi jina. Mbona hukuniambia kama mimi si abiria wako?"

"Hukuniuliza. Ulisema Ndia Kuu, nami nilikuwa naja Ndia Kuu."

"Kufanya nini?"

"Kukuleta."

Alitaka kukasirika, wallahi alitaka. Lakini kicheko kilimtoka kwanza.

"Mtu hutazama namba ya gari kabla hajaingia," Faiz alisema akimshushia vikapu. "Siku nyingine utachukuliwa na mwizi."

"Na leo nimechukuliwa na nani?"

Faiz alishusha kikapu cha pili. Nauli hakutaka. Alitaka namba ya simu, na Mwanatumu, ambaye hajawahi kumpa mtu, alimtajia haraka haraka kama mtu anayesoma dua.

Mwezi mzima wa Ramadhani walizungumza. Mwanatumu alikuwa akikaanga sambusa, simu iko begani.

"Umefuturu?" Faiz anauliza.

"Bado. Wewe?"

"Nimefuturu sauti yako."

"Basi utakonda."

"Nimeshakonda, roho yangu. Suruali yanivuka."

Sikukuu ya Idi ilipopita walikutana Mama Ngina. Mwanatumu hakwenda peke yake, alikwenda na binamu yake Fadhiya, ambaye alikaa kwenye ukuta wa bahari akiwapa mgongo na sahani ya mihogo ya kukaanga, na kila baada ya muda akisema, "Mimi sisikii chochote, endeleeni." Upepo ulikuwa ukipeperusha moshi wa mishikaki. Mwanatumu alikuwa amevaa kikuba, kishada kidogo cha asumini, kifuani. Alikichomoa akampa.

"Ukitundike kwenye gari lako likija."

"Litakuja," Faiz alisema. "Na nikilipata, siku ya kwanza nakuja kuposa."

"Posa kwanza, babangu hatazami gari."

Na kweli, Mzee Shekuwe hakuwa mtu wa kutazama gari. Alikuwa fundi wa masanduku, yale ya mbao za msaji yaliyopigiliwa misumari ya shaba, ambayo zamani kila bibi harusi alikuwa lazima atoke nayo kwao. Mkewe alikuwa amefariki Mwanatumu akiwa mdogo, na tangu hapo yeye na binti yake walikuwa kama vidole viwili vya mkono mmoja. Watu wa Faiz walipokuja na posa, mzee aliwasikiliza, akawanywesha kahawa, akamwita Mwanatumu nyuma ya pazia.

"Wamtaka?"

Mwanatumu alinyamaza, anatazama miguu yake.

"Nimesikia," mzee alisema, akarudi barazani kukubali.

Mahari Faiz aliyaleta kidogo kidogo kabla ya siku yake, kwa sababu alisema mfuko wake hauaminiki. Mzee aliyafunga kwenye leso. "Haya ni ya binti," alisema. "Mimi mlinzi tu." Na siku hiyo hiyo alianza sanduku la Mwanatumu. Alilipigilia misumari ya shaba kwa mkono wake, ua moja kila siku, na mtu akiuliza bei alimwambia, "Hili lina mwenyewe."

Baada ya posa mambo yalibadilika, si kwa ubaya. Ndiyo desturi ya kwao. Kijana akishaposa hupunguza miguu kwa mkwe. Haonekani barazani hovyo, hali hapo, hasemi shida zake. Na mkwe naye humrudishia heshima hiyo hiyo. Hamchunguzi. Hamuulizi.

Ila kabla ya hapo mzee alikuwa amesema neno moja. "Mwenye mke hawezi kuendesha gari la mtu mpaka uzeeni. Tafuta lako, mimi nitakudhamini."

Walikwenda pamoja kwa kampuni moja ya magari ya mkopo, kule Moi Avenue. Msichana wa ofisini, jina lake Dama, aliwapa karatasi. Faiz aliweka sahihi mbio mbio akatoka nje, maana gari lilikuwa pale uani, la buluu, linang'aa, naye hakuweza kukaa kitini. Mzee alibaki.

"Babu, wataka nikusomee?" Dama alimuuliza.

"Soma, mwanangu."

"Hapa pasema, kijana akishindwa, utalipa wewe. Na hata gari likichukuliwa, likauzwa, bei isitoshe, kilichobaki bado ni deni. Atalipa yeye ama utalipa wewe."

Mzee alitazama dirishani. Faiz alikuwa anafuta kioo cha gari kwa mkono wa shati lake.

"Nimeshampa binti yangu," alisema. "Gari ni kitu gani?"

Akaweka sahihi.

Gari lilikwenda vizuri kwa muda. Faiz alitundika kile kikuba kwenye kioo, kikakauka, lakini ukiingia bado wanusa asumini. Akawa anampigia Mwanatumu kila akishusha abiria.

"Hapa nipo Nyali. Nimembeba mama na mbuzi."

"Mbuzi amekaa wapi?"

"Mbele. Mama ndiye aliyekaa nyuma."

Halafu giaboksi ikafa. Pesa ya kuitengeneza ikala pesa ya mkopo. Akakosa mwezi, akakosa wa pili, kampuni ikipiga simu akawa haipokei. Siku moja alikuwa mbele ya Ngome ya Yesu, kati ya watalii na wauza vinyago, anangoja abiria. Wanaume wawili wakaja na ufunguo wao mkononi.

"Kijana, toa vitu vyako."

Hakubishana. Alitoa msala, akatoa tasbihi, akakifungua kikuba, kioo kikabaki kitupu. Wauza vinyago wote walikuwa wanatazama pembeni kwa adabu, na hiyo ilimuumiza kuliko kama wangemcheka. Gari lilipopinda kona alijiambia: wamechukua gari lao, na deni lao wameondoka nalo. Yale maneno ya Dama hakuyasikia. Alikuwa nje anafuta kioo.

Jioni ile Mwanatumu alipiga.

"Mbona leo kimya, mahabubu?"

"Gari limelala gereji."

"Mpaka lini?"

"Kidogo tu."

"Sauti yako iko chini."

"Usingizi, roho yangu."

Alipata kazi ya kuendesha lori la mizigo kutoka bandarini mpaka Busia. Akabadilisha laini ya simu ili kampuni isimsumbue, na ile mpya akampa Mwanatumu peke yake, akimwambia ya zamani imeharibika. Barabarani huko simu zikapungua. Mwanatumu alifikiri ni haya ya mchumba anayengoja harusi. Fadhiya alifikiri vingine.

"Mwanamume akinyamaza, shoga, ana mwingine ama ana jambo."

"Faiz hana mwingine."

"Basi ana jambo."

Kampuni iliuza gari kwa mnada. Likaenda kwa bei ya kutupa, na juu yake kukawa na gharama za kulivuta, kulilaza na kulinadi. Kilichobaki kilikuwa kikubwa. Faiz hakupatikana. Mzee Shekuwe alipatikana, maana yeye simu yake ilikuwa ile ile, na duka lake lilikuwa pale pale. Kila walipopiga alijibu neno moja: "Nimesikia."

Ijumaa moja wakakutana nje ya msikiti, yeye na Faiz. Faiz alikuwa amerudi safari, kanzu yake safi lakini mikono ina grisi isiyotoka. Aliinama kumbusu mzee mkono.

"Hujambo, mwanangu? Kazi?"

"Alhamdulillahi, baba."

"Hakuna neno?"

Faiz aliificha mikono ndani ya kanzu. Alikuwa anafikiri mzee hajui kama gari limekwenda. Amwambieje mkwe wake, mbele ya msikiti, kwamba hana hata tairi?

"Hakuna neno, baba."

Mzee aliinama akawa anafunga kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa. Alikaa pale chini muda, akimpa nafasi. Alijua kila kitu. Alikuwa anangoja neno moja tu ili aseme, "Usijali, tutalipa pamoja." Neno halikuja. Akasimama, akampangusa Faiz vumbi begani, akaenda zake.

Kampuni ikaenda mahakamani. Mzee hakwenda kujibu, na hakumwambia mtu.

Mwanatumu alijua siku ile alipompelekea babake chakula cha mchana dukani, wali na samaki wa kupaka kwenye sahani iliyofunikwa. Alikuta pikapu imeziba njia. Wanaume walikuwa wanatoa masanduku, moja moja, wanayapandisha. Mzee amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, kama mgeni kwenye duka lake. La mwisho kutoka lilikuwa la Mwanatumu. Upande mmoja ulikuwa una maua ya shaba mpaka chini, upande wa pili ulikuwa mbao tupu.

"Hilo halijaisha," Mwanatumu alimwambia dalali wa mahakama aliyewasimamia.

"Litanunuliwa hivyo hivyo, dada."

Pikapu ikaondoka. Sahani ilikuwa bado mikononi mwake.

"Baba, ni nini hii?"

"Kaa ule, mwanangu."

"Baba."

Akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

"Mbona hukumuuliza?" Mwanatumu alikuwa analia sasa. "Ungemuuliza mara moja tu. Ungeniambia mimi nikamuuliza."

"Mkwe haulizwi. Nimuulize nini mtoto wa watu kabla hajala wali wa harusi? Aseme namdai?"

"Lakini wewe unadaiwa kwa ajili yake, baba. Amekugharimu duka zima."

Mzee alifunua sahani, akamega tonge, akaliweka tena chini.

Mwanatumu alipiga simu akiwa amesimama ngazini, nje ya duka. Faiz alikuwa safarini, Mtito, anakunywa chai.

"Kipenzi. Nilikuwa nataka..."

"Gari liko gereji gani, Faiz?"

Nyuma ya Faiz malori yalikuwa yanapita.

"Walilichukua," alisema. "Nilikuwa nitakwambia. Nilitaka kwanza nisimame. Lakini walilichukua wenyewe, deni likaisha."

"Limeisha kwa nani?"

"Vipi?"

"Nakuuliza, limeisha kwa nani? Maana leo wamekuja dukani kwa baba. Wamebeba masanduku yote. Wamebeba langu."

Mwanatumu alisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Wallahi sikujua, Mwanatumu. Wallahi."

"Hukuuliza."

"Nakuja sasa hivi. Naliacha lori hapa hapa."

"Usije. Pete yako ya posa nitampa Fadhiya akuletee. Baba hawezi kukwambia, haya imemshika mpaka leo, basi nakwambia mimi. Usije mlangoni kwetu."

Akakata. Fadhiya aliipeleka ile pete, na aliporudi alisema tu, "Ameilia." Mwanatumu alimjibu, "Na alie." Masanduku yalinadiwa, bei haikutosha, na sehemu ya deni ikabaki.

Mzee Shekuwe alianguka bafuni wiki chache baadaye, anatia udhu wa alasiri. Hakuamka tena; walisema presha. Alizikwa siku ya pili yake, kama inavyotakiwa.

Wanawake walibaki nyumbani. Msikitini, kabla ya sala ya jeneza, mdogo wake mzee, ami yake Mwanatumu, alisimama mbele ya safu akasema yale ambayo husemwa kwa kila maiti.

"Ndugu zangu, anayemdai marehemu asimwache na mzigo. Aje kwetu, sisi ndio tutakaolipa."

Aghalabu watu hunyamaza hapo, sala inaanza. Siku ile mtu alisema kutoka safu ya nyuma. Alikuwa Faiz. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka barabarani, shati lina vumbi jekundu la Voi.

"Kuna deni," alisema. Akasogea mbele. "Kuna deni la gari la mkopo, lilibaki juu ya marehemu. Si lake. Ni langu. Alinidhamini. Mbele yenu wote, nalichukua. Asiulizwe yeye. Niulizwe mimi."

Ami yake Mwanatumu alimtazama kwa hasira ya mtu anayelia. Imamu akasema, "Mmesikia." Wakasali.

Habari zilifika nyumbani kabla ya jeneza kufika makaburini. Fadhiya alimwambia Mwanatumu sikioni, katikati ya wanawake wanaosoma. Mwanatumu alijifunika uso kwa leso akakaa hivyo.

Kisomo cha khitma kilipokwisha, alikuwa anakunja kanzu za babake kuzitoa sadaka. Chini ya kanzu ya Idi, kwenye mkebe wa biskuti, alikuta leso ya babake imefungwa mafundo mawili. Aliifungua akahesabu. Yalikuwa mahari yake. Hata noti moja haikuwa imetoka. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama kazi ya maisha yake ikipandishwa kwenye pikapu, na pesa iko nyumbani ndani ya mkebe, kwa sababu ni ya binti.

Hapo ndipo alipolia vizuri.

Asubuhi alimpigia Faiz. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazini.

"Nina amana yako," alisema. "Posa imevunjika, mahari yarudi kwako."

"Siyataki."

"Najua huyataki. Nikutane nawe Moi Avenue."

Alikuja na Fadhiya. Faiz alikuwa amesimama nje ya ile kampuni, amekonda kweli, si kwa mzaha. Mwanatumu alivaa buibui jeusi tupu, bila darizi, bila manukato. Alimpa leso mkononi na yeye akaipokea kwa mikono miwili.

"Hakuigusa?" Faiz aliuliza.

"Hakuigusa."

Alifunga macho. Halafu akaingia ndani, akaiweka leso mezani kwa Dama, na yeye Dama alimtambua, akaacha alichokuwa akifanya. Ilitosha. Ilibaki kidogo tu ya nauli ya kurudi. Dama aliwapa karatasi ya kwamba Mzee Shekuwe hadaiwi, akasema, "Poleni. Alikuwa babu mzuri."

Kutoka hapo walitembea mpaka Kikowani, makaburini. Mwanatumu alibaki nje ya ukuta na Fadhiya, maana kwao wanawake hawaingii. Faiz aliingia na ile karatasi. Jua lilikuwa kali, magari yanapiga honi, mama mmoja anauza ndimu na pilipili karibu na lango. Mwanatumu alimwona kwa mbali amechutama, midomo yake inasogea. Alikaa sana.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia ametoka kwenye deni. Nimemsomea karatasi yote." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Halafu nimemwambia lile la Ijumaa. Aliponiuliza, hakuna neno? Nimemwambia, baba, lipo neno. Nimekwama, nisaidie."

Fadhiya alikwenda kununua ndimu ambazo hakuzihitaji.

"Mwanatumu," Faiz alisema. "Sina gari, sina mahari, sina kitu. Nitaanza tena. Hata kama ni miaka. Niambie tu nianze."

Mwanatumu alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia ndevu ambazo hazikuchongwa mpaka viatu vya barabarani. Bado alikuwa anampenda. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

"Sikuchukii, Faiz. Ningekuchukia ningepona haraka."

"Basi?"

"Basi siku utakayonyamaza, hata kama ni uchovu tu, hata kama unawaza mpira, mimi nitakimbilia dukani kutazama kama pikapu iko mlangoni. Sitalala. Na wewe ni mtu wa kunyamaza, roho yangu. Baba alikuwa hivyo hivyo. Mlipendana sana nyinyi wawili, na mimi ndiye niliyelipa."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile simu kumwita roho yangu. Faiz aliisikia, na alijua ni ya mwisho. Alitia mkono mfukoni akatoa kile kikuba kikavu, sasa ni uzi na majani machache ya kahawia. Mwanatumu alikipokea, akakinusa. Hakikuwa na harufu tena.

"Lori laondoka saa ngapi?"

"Jioni."

"Nenda salama. Kula. Umekonda."

Fadhiya alirudi na ndimu zake. Mwanatumu alitoa simu akaita teksi, na wote watatu wakasimama pale langoni kama watu wasiojuana wanaongoja usafiri. Gari dogo jeupe likaja, likasimama. Faiz alinyoosha mkono kumfungulia mlango, kisha akausimamisha njiani.

"Tazama namba kwanza," alisema.

Mwanatumu akatazama simu, akainama akatazama gari. Namba ilikuwa ndiyo. Akafungua mlango mwenyewe, akaingia.